Kipimo cha Sukari na Saumu ya Mgonjwa

 

Ndugu zetu wasomaji, katika darasa yetu ya baada ya Magharibi lililetwa suali: mtu aliyefunga akijichoma kidole ili apime sukari ya damu, je, saumu yake huvunjika? Suali ni fupi, na jawabu lake ni fupi pia: haivunjiki. Lakini nalimtazama muulizaji, mtu mzima mwenye kuheshimiwa katika mtaa wake, nikamwona akivikunja vidole vyake ndani ya mkono wa kanzu ili wenziwe wasivione. Nikatambua ya kuwa nyuma ya suali lile pana suali jingine analoona haya kulitamka. Nalilitambua kwa kuwa mimi mwenyewe nimelibeba suali hilo kwa muda wa siku nyingi, na kulibeba huko kulikaribia kuniua. Kwa hivyo nimeona bora niandike kwa urefu kidogo, hata kama katika kuandika nitajiaibisha.

Katika mwezi wa Shaabani mwaka 1445, yaani Februari 2024, nalisafiri kwenda Kimuka kumzuru ndugu yangu, mtoto wa mama yangu mdogo. Kimuka iko katika kaunti ya Kajiado, ng'ambo ya vilima vya Ngong kwa mtu atokaye Nairobi. Ni nchi ya Wamasai na ng'ombe wao, ina upepo, na baridi yake ya asubuhi hatuijui sisi watu wa pwani. Ndugu yangu ana duka huko, na Waislamu wa pale ni wachache, basi hunialika mara kwa mara nikawasomeshe. Safari ile nalimchukulia haluwa ya Mombasa, nasi tulikuwa tumekwisha kula wali na hiyo haluwa, tumekaa barazani mwa duka, alipotujia mama mmoja wa Kimasai amebeba mkoba begani na simu mkononi.

Mama huyo alikuwa mmoja katika wahudumu wa afya wa jamii. Serikali ya Kenya iliwatuma watu hawa kwa wingi, kama laki moja katika nchi nzima, na mnamo Septemba 2023 wakagawiwa mikoba yenye vyombo: cha kupimia shinikizo la damu, cha kupimia joto, cha kupimia sukari, na simu ya kuandikia habari za kila nyumba waingiayo. Wao si madaktari. Kazi yao ni kupita milangoni, kupima, na kumpeleka hospitali mtu anayestahili kwenda. Mama akatuambia anapima sukari, nasi tukitaka atatupima.

Ndugu yangu alikataa. Alisema, "Mimi namtegemea Mwenyezi Mungu, mama. Siumwi na kitu. Ukitafuta ugonjwa utaupata."

Yule mama hakukasirika. Akamjibu, "Mzee, sikuulizi imani yako. Nakuomba tone moja la damu."

Wallahi nalitahayari, kwani neno lile nalipaswa kulisema mimi. Basi nikaanza kumsomesha ndugu yangu pale pale. Nalimkumbusha Sayyidna Umar alipokuwa akienda Sham, akapata habari ya tauni ya Amwas akarejea na watu wake. Na Abu Ubaida alipomuuliza kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu, alimjibu kuwa anatoka katika kadari ya Mungu kwenda katika kadari nyingine ya huyo huyo Mungu. Nalimkumbusha pia yule aliyeuliza amwache ngamia wake bila ya kamba kwa kumtegemea Mungu, akaamrishwa na Mtume (s.a.w.) amfunge kwanza ndipo ategemee. Kisha ili kumtia moyo nikatoa kidole changu, nikamwambia mama aanze na mimi.

Kipimo changu kilikuwa 14.8. Cha ndugu yangu, aliyekubali baada yangu, kilikuwa 5.9.

Mama alikitazama kidude, akanitazama mimi, akaniuliza kwa upole kama nina kiu sana siku hizi na kama huamka usiku kwenda haja ndogo. Nalikuwa nikiamka mara tatu, mara nne. Na tena, Mungu anisamehe, nalikuwa nikiona ni neema, kwa kuwa kila niamkapo nalipata kusali rakaa mbili.

Kabla sijaendelea, nieleze namba hizi ni nini, kwani wengi wetu husomewa namba hospitali tukaitikia "naam" tukatoka tusijue tumeambiwa nini. Chakula cha wanga, kama wali, mkate na muhogo, hugeuka sukari tumboni na kuingia katika damu. Kongosho, kiungo kilicho nyuma ya tumbo la chakula, hutoa kitu kiitwacho insulini, nacho ndicho kinachoifungulia sukari njia ya kutoka katika damu ikaingia katika nyama za mwili. Insulini ikipungua, au mwili ukawa hauiitikii, sukari hubaki katika damu na kuiharibu mishipa midogo ya macho, ya mafigo na ya miguu. Huiharibu kidogo kidogo kwa miaka, na mara nyingi mwenyewe hasikii maumivu yo yote. Kwa hivyo lile neno la ndugu yangu, "siumwi na kitu", halithibitishi jambo.

Mashine zetu za Kenya huhesabu kwa milimoli katika lita. Mtu asiyekula usiku kucha, akipimwa asubuhi katika maabara akapatikana na 7.0 au zaidi, huyo ana ugonjwa wa sukari; na ikiwa hana dalili zo zote, hupimwa tena siku nyingine ili kuhakikisha. Mwenye dalili akapatikana na 11.1 au zaidi kwa wakati wo wote, naye ni mgonjwa. Mashine nyingine huhesabu kwa miligramu, basi msishtuke jamaa zenu walioko ng'ambo wakiwatajia 126. Gawanyeni kwa 18 mtapata 7.0 ile ile.

Tone la kidoleni huonyesha sukari ya saa ile tu. Kipo kipimo kingine cha maabara kiitwacho HbA1c, nacho ni kama shahidi aliyekaa nyumbani mwako miezi miwili mitatu. Sukari hushikamana na ile rangi nyekundu ya damu, na chembe nyekundu huishi siku kama 120. Basi kwa kutazama ni kiasi gani kimeshikamana, hujulikana hali ya siku zote hizo. Ikifika asilimia 6.5 ni ugonjwa. Mtu hawezi kukidanganya kipimo hiki kwa kuacha haluwa siku mbili kabla ya kwenda kwa daktari, jambo ambalo najua hufanywa. Lakini sikizeni, hasa sisi wa pwani: mwenye ugonjwa wa selimundu, au mwenye upungufu mkubwa wa damu, kipimo hiki chaweza kumpa namba isiyo ya kweli, kwa kuwa chembe zake haziishi muda wake wa kawaida. Huyo na amwambie daktari habari yake mapema ili apimwe kwa njia nyingine.

Narejea kwenye kisa changu. Nalipofika Mombasa nalikwenda maabara, nikaonekana mgonjwa bila ya shaka; HbA1c yangu ilikuwa 9.3. Nikapewa vidonge vya aina mbili, metformini na glibenklamidi. Daktari aliniambia nirudi kabla ya Ramadhani tuzungumze namna ya kufunga. Sikurudi. Wala sikumwambia mtu, hata mke wangu. Vidonge nalivificha katika kabati la vitabu, nyuma ya tafsiri. Nalijiambia kuwa mtu anayewafundisha wengine fiqhi ya saumu hana haja ya kufundishwa na daktari, nikajitolea fatwa mwenyewe: nitafunga, na vidonge vyote nitavimeza wakati wa daku.

Sasa tazama ujinga huu ulivyo. Metformini peke yake si kawaida yake kuishusha sukari mpaka ikahatarisha. Lakini glibenklamidi huisukuma kongosho itoe insulini, iwe mtu amekula au hakula. Nami nalikimeza kidonge hicho alfajiri, nikakaa mchana mzima bila ya chakula katika joto la Machi. Siku ya kumi na moja, mbele ya darasa ya Alasiri, mikono ilianza kunitetemeka na jasho likanitoka. Nikawaona wanafunzi wangu wawili wawili, kisha sikujua kitu.

Nimesimuliwa yaliyofuata. Mmoja alisema ni jicho, mwengine akasema nimepandwa na jini, na mzee mmoja akatuma iletwe sahani aandike kombe. Na sisi ndio tuliokuwa tukiyakemea mambo haya kwa miaka! Aliyeniokoa kwa kudra ya Mwenyezi Mungu ni kijana wa miaka kumi na sita, ambaye mama yake ana sukari. Alikimbia nyumbani akaleta kidude chao, akanichoma kidole. Ilikuwa 2.6. Nilipopata fahamu kidogo akaniletea maji ya sukari, nami, nikiwa sijui vyema niko wapi, nikayasukuma nikasema nimefunga. Kijana akanishika kichwa akaninywesha. Mke wangu alipojua, hakunilaumu kwa ugonjwa. Aliniuliza tu, "Ulidhani nitakufanya nini?" Sikuwa na jawabu.

Abu Daud amepokea kisa cha mtu aliyejeruhiwa kichwa safarini, kisha akapatwa na janaba. Akawauliza wenziwe kama anayo ruhusa ya kutayamamu, nao wakamwambia hawaioni ruhusa hiyo madhali maji yapo. Akaoga, akafa. Habari ilipomfikia Mtume (s.a.w.) alikasirika, akasema kuwa wao ndio waliomwua, na kwamba dawa ya asiyejua ni kuuliza. Kisa hiki nimekisomesha mara nyingi katika mlango wa tayamamu. Sikuwahi kufikiri kuwa mtu mmoja aweza kuwa ndiye muulizaji, ndiye mwenye kutoa fatwa, na ndiye maiti.

Basi hukumu ni nini? Kurani imempa mgonjwa ruhusa ya kula na kulipa siku nyingine, na imetukataza kujiangamiza kwa mikono yetu. Wanavyuoni wetu wa madhehebu ya Shafii wamesema kuwa mtu akichelea madhara makubwa kwa kufunga, ni wajibu kwake kula, na tena madhara hayo hujulikana kwa uzoefu wake mwenyewe au kwa neno la tabibu mjuzi mwadilifu. Wala tabibu wa leo hatazami ulimi na mkojo tu, hutazama namba. Kwa hivyo mtu asiyetaka kupimwa, akifunga hajui kama anamtii Mola wake au anajiua, na akila hajui kama ana ruhusa au anaivunja nguzo. Hili ndilo nilitakalo mlifahamu.

Baraza la Fiqhi la Kiislamu lilikutana Sharjah mwaka 2009, wanavyuoni pamoja na madaktari, likawagawa wagonjwa wa sukari mafungu kwa kadiri ya hatari waliyo nayo, na likasema kuwa wale ambao hatari yao ni kubwa ni wajibu wao wasifunge. Mnamo 2021 madaktari wa Shirikisho la Kimataifa la Kisukari walitoa mwongozo wao kuhusu Ramadhani: kila hali ya mgonjwa hupewa alama, kama aina ya dawa, umri, hali ya mafigo, na kama amewahi kuanguka kwa kupungukiwa na sukari, mwenye alama zaidi ya 6 hatari yake ni kubwa. Na wakasema kuwa aliyefunga, sukari yake ikishuka chini ya 3.9 au ikipanda kupita 16.6, afungue saa ile ile, hata kama muadhini amekwisha kupanda kuadhini. Asingoje. Atalipa siku hiyo. Na asiyetarajiwa kupata nguvu ya kufunga tena, atatoa kibaba cha chakula cha mji kwa kila siku, na amwombe Mungu amkubalie, wala asijione kuwa amepungukiwa na dini.

Kuhusu kuchoma kidole, vitabu vyetu vimesema zamani kuwa hata kuumikwa hakubatilishi saumu, seuze tone. Na Baraza hilo hilo, katika mkutano wa Jeddah wa 1997, limetaja wazi kuwa damu ya kupimwa haivunji saumu, wala sindano za dawa haziivunji, isipokuwa zile za maji ya kulisha mwili. Insulini hupenya ngozi wala haipiti katika tundu lililo wazi, kwa hivyo nayo haivunji. Jambo dogo ambalo watu hulipuuza: osha kidole kwa maji na sabuni ukakikaushe kabla ya kukichoma. Mtu aliyeshika tende sasa hivi, akijipima bila ya kunawa, huipima tende.

Wako wanaokataa insulini kwa kusema imetoka kwa nguruwe. Neno hili lilikuwa na asili. Insulini iligunduliwa Toronto mwaka 1921, na mgonjwa wa kwanza akadungwa Januari 1922. Kwa miaka sitini ilikuwa ikitolewa katika kongosho za ng'ombe na nguruwe. Lakini tangu 1982 ipo insulini iliyo sawa na ya binadamu, inayotengenezwa na vijidudu au hamira vilivyofundishwa kazi hiyo, na siku hizi zilizo nyingi hospitalini ni za namna hiyo. Mwenye shaka na amwulize mfamasia kabla ya kuitupa dawa. Nimezika mtu aliyeitupa. Na mwenye kuitumia bila ya kuwa na friji, aiweke chupa ndani ya kifuko kisichopenya maji, akaitumbukize katika chungu cha udongo chenye ubaridi. Joto la mji wetu huiua nguvu yake, nayo ikiganda kwa barafu huharibika vile vile.

Sasa vimekuja vidude vya kubandikwa nyuma ya mkono, juu ya kiko, vyenye uzi mwembamba unaoingia chini ya ngozi. Hukaa kama siku kumi au kumi na nne, na kuipelekea simu namba ya sukari kila baada ya dakika chache, hata mtu amelala. Kwa mwenye kufunga ni msaada mkubwa, kwa kuwa simu humlilia sukari inaposhuka. Lakini havisomi damu yenyewe, husoma maji yaliyo katikati ya nyama, kwa hivyo huchelewa dakika kadhaa. Ukijisikia unatetemeka na simu inasema u mzima, uamini mwili wako ukachome kidole. Bei yake bado ni nzito kwa wengi wetu. Katika udhu havina mashaka, kwani viko juu ya mpaka wa kuosha. Katika josho la janaba huingia katika hukumu za jabira, nazo zataka darasa yake peke yake.

Jihadharini na saa na pete zinazouzwa kwa madai ya kupima sukari bila ya kutoboa ngozi. Idara ya Marekani inayosimamia dawa na chakula ilionya Februari 2024 kuwa haijaidhinisha hata moja. Na zile sauti zinazosambazwa katika simu, za "daktari" na wakati mwingine za "sheikh", zikiahidi kuondoa sukari kwa siku saba kwa unga wa chupa moja, mjue huo ni uganga ule ule wa ramli, umebadilisha kanzu tu. Kuna sauti moja iliyotiwa jina langu. Si yangu.

Ndugu yangu wa Kimuka siku ile alimuuliza yule mama swali la maana kuliko yote niliyouliza mimi: "Haya unayoyaandika katika simu yaenda wapi?" Ugonjwa wa mtu ni siri yake, na siri ni amana. Sheria ya Kenya ya 2019 ya kulinda habari za watu imeziweka habari za afya katika fungu la zile zinazohitaji hifadhi zaidi, na ya 2023 ya afya ya kidijitali imeongeza kanuni zake. Basi una haki ya kuuliza nani atazisoma, na kwa nini. Uliza, kisha toa kidole. Lakini msiwe kama mimi, niliyeifanya siri kuwa ngome hata mwenye haki ya kujua, aliyelala kando yangu, asijue.

Ramadhani ya mwaka uliofuata nalikwenda kwa daktari majuma manane kabla. Alibadilisha dawa moja, akaipeleka nyingine wakati wa futari, akaniruhusu kufunga kwa sharti nijipime. Nalifunga siku ishirini na saba. Mbili nalifungua mchana, moja ikiwa imebaki nusu saa tu, na kijana yule yule ndiye aliyenipa tende.

Jumatano ya kwanza ya Rajabu, baada ya Isha, darasa yetu haitasomwa kitabu. Atakuwapo daktari, na muuguzi mwanamke upande wa akina mama, pamoja na vidude na karatasi za kutosha. Hapatatozwa kitu. Yule ndugu aliyeuliza suali, sitamtaja, najua atakuja. Mimi nitatoa kidole changu kwanza, na namba itakayotoka isomwe kwa sauti.